Kichina: usisome pinyin kwa Kifaransa

Mliochukua Kichina kama somo la ziada iniversite hapa Lubumbashi, angalieni pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini: mazoea ya Kifaransa yanadanganya. Dōu (wote) haisomwi “du”. Anza na o, malizia na u. Q si k, ni ch nyembamba, ncha ya ulimi ikikaa nyuma ya meno ya chini. Kifaransa kinasaidia mahali pamoja tu: u baada ya j, q, x na y hutamkwa kama u ya “tu” ya Kifaransa.

Kiswahili nacho kina mtego. Tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno) zinapotea. Mǎi, sauti ikizama chini, ni kununua. Mài, sauti ikiporomoka kutoka juu, ni kuuza. Sokoni hapo umeshageuka mwuzaji! Kwa maandishi ni rahisi zaidi: 卖 (kuuza) ni 买 (kununua) iliyovishwa 十, yaani kumi, kichwani.

Toni ya tatu (ile ya mǎi) zikifuatana mbili, silabi ya mbele husomwa kwa toni ya pili, ile inayopanda: nǐ hǎo (hujambo) hutamkwa ní hǎo, ingawa alama haibadilishwi. Jirekodi kwenye simu, maneno matano kwa siku yanatosha.