Namna ya kugawa muda kati ya mkasi na kikao: kwa maafisa ugani wa zabibu Dodoma

Afisa ugani akishazoeleka kazini, simu za kumwita vikaoni huzidi zile za kumwita shambani, na asipojipanga atajikuta anashauri kwa kumbukumbu. Panga mwaka wako kwa kuufuata mzabibu kwanza, ndipo vikao vifuate. Kwa kuwa zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na tangu kupogoa hadi kuvuna hupita kama miezi minne, yapo majira mawili ya kupogoa ambayo mkuu wako anaweza kuarifiwa mapema kwamba asubuhi hutapatikana. Asubuhi tu, mchana jua la Dodoma litakurudisha ofisini lenyewe.

Majira hayo yakifika, usisimame kando ukielekeza. Pogoa safu moja mwanzo hadi mwisho, ukihesabu macho (vifundo vinavyochipua) mawili au matatu ya kuacha katika kila tawi, kisha mwachie afisa kijana safu inayofuata, wala usimpokonye mkasi akikosea kidogo.

Ushauri wa simu ndio unaohitaji masharti makali zaidi. Nikiwa kikaoni Mtumba, kwenye mji wa Serikali, niliwahi kutumiwa picha ya majani yenye unga wa kijivu, nikajibu upesi kwamba ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, apulize salfa. Siku tatu baadaye nilipofika Hombolo, mama mwenye shamba alipitisha kidole gumba juu ya jani, likabaki kijani kitupu, akaniambia kwa upole, "Bwana shamba, hili ni vumbi la malori." Salfa alikuwa ameshainunua. Siku hizi huomba jani lisuguliwe kwanza, nitumiwe picha ya upande wa chini na ya vishada, na shaka ikibaki sitaji dawa mpaka mimi au afisa wa kata afike.

Vikao visivyo na uamuzi wa pembejeo, maji wala bei mwachie msaidizi wako. Atajifunza, nawe hutakosekana sana.

Mwisho, weka daftari dogo la tarehe uliyofanya kila kazi kwa mkono wako mara ya mwisho: kupogoa, kupandikiza, kupuliza dawa. Ukiulizwa jambo ambalo tarehe yake imepitwa na misimu miwili, mwelekeze muulizaji kwa aliyelifanya wiki iliyopita, hata kama ni mdogo wako kwa cheo.