Dawa imekula sikio la ndani? Hivi ndo unavyosoma koklea (ile sehemu ya kusikia iliyojikunja kama konokono) ya mnyama wa maabara

Kama umepewa kazi ya kuangalia dawa flani imeharibu sikio la simbilisi, usikimbilie maikroskopu. Anza kabla hata ya dozi, mchungulie sikio, manake nta iliyoziba au usaha kwenye sikio la kati utakufanya uisingizie dawa bure.

Alafu pima usikivu. Mnyama yuko nusukaputi, elektrodi chini ya ngozi, unampigia milio mifupi unaipunguza mpaka mawimbi ya shina la ubongo yapotee, hapo ndo kizingiti chake. Mpe joto muda wote, mwili ukipoa mawimbi yanachelewa.

Ukipima sauti nzito tu umeliwa. Antibayotiki kama gentamaisini na kanamaisini, na sisiplatini ya saratani, zote zinaanzia kitakoni mwa koklea kwenye sauti nyembamba, ndo zinapanda taratibu kuelekea kileleni. Mi mara ya kwanza nilihesabu kilele tu, kisa ndo kipande kilichotoka kizima bila kuchanika, nikaandika "salama" kwa mbwembwe, kumbe kitako kilikuwa jangwa.

Ukishatandaza utando wa koklea kwenye kioo na kuupaka faloidini (rangi ya kuonyesha seli) utaona mistari minne ya seli za vinyweleo, zile zinazonasa sauti, mmoja wa ndani na mitatu ya nje. Za nje ndo zinatangulia kufa, na kwa hizi antibayotiki ule mstari wa kwanza kabisa ndo unaumia zaidi. Sasa usitafute shimo, hakuna, seli jirani zinafunga nafasi na kuacha kovu, kwa hiyo unahesabu makovu kama unavyohesabu meno yaliyong'oka. Kwa mamalia waliokomaa seli hizi hazioti tena, ila kuku yeye anaotesha mpya.

Na usichukue sikio kesho yake baada ya dozi ya mwisho, seli zinaendelea kufa hata dawa ikishasimama, vumilia wiki mbili tatu hivi.

Panya wa aina ndogo (mouse) waliokomaa wabishi sana kwa antibayotiki hizi, ndo maana wengi wanaongeza furosemaidi (dawa ya kukojoza) ili dawa ipenye ndani ya koklea. Hesabu zako ziwe na kundi lililopata furosemaidi peke yake, la sivyo hujui nani kaua.

Streptomaisini, antibayotiki nyingine ya ukoo huo, yenyewe hupenda zaidi upande wa mizani ya mwili, kwa hiyo ukiona mnyama anayumba au kichwa kimelala upande na koklea iko poa, kakague utrikali, kile kifuko cha mizani kwenye sikio la ndani.