Kabla hujalipia intaneti ya nyumbani Kampala, angalia nguzo kwanza

Ukiuliza watu Kampala intaneti ya nyumbani ipi nzuri kila mmoja atakutajia ya kwake na wote watakuwa sawa, sababu ushindani wa intaneti hauko nchi nzima, uko kwenye barabara yako. Kwenye makaratasi kampuni zenye leseni ni kibao, orodha iko kwenye tovuti ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ila pale unapokaa wewe Kyaliwajjala au Bombo zinazofika mlangoni pengine ni mbili, pengine moja tu. Kwa hiyo achana na tangazo la redio, anza na nguzo.

Toka nje uangalie waya mweusi wa faiba unapita wapi na unaingia nyumba zipi, alafu gonga kwa hao majirani uwaulize wanalipa nani, wanalipa ngapi kwa mwezi, na ikikatika inachukua muda gani fundi kufika. Hilo swali la fundi ndo la maana kuliko bei. Na kama bado unatafuta nyumba uliza kabla hujalipa kodi ya pango, kuna mafleti mwenye nyumba ameshaelewana na kampuni moja na hataki nyingine itoboe ukuta wake, ukishahamia umekwisha.

Kitu wengi hawajui, jina kwenye risiti sio lazima liwe mwenye waya. Google walichimba faiba Kampala kuanzia 2013, siku hizi iko chini ya kampuni ya CSquared ambao wanauzia makampuni mengine ndo hayo yanakuja kukuuzia wewe. Mpango mzuri tu, kampuni ndogo inaweza kuingia sokoni bila kuchimba barabara upya, lakini maana yake pia unaweza kununua kampuni mbili ukidhani una akiba moja ikikatika kumbe zote zimepanda waya mmoja, greda la barabara likikata unakosa zote pamoja. Kama kazi yako inategemea intaneti muulize muuzaji wazi, waya ni wenu au mmekodi kwa nani? Akibabaika, akiba yako iwe ya mnara wa simu, usichukue faiba ya pili.

Sasa kupima. Usipime saa nne asubuhi, muombe jirani wayafai yake saa mbili usiku watu wameshakula na kila mtu yuko kwenye video, ndo utaona mnagawana wangapi. Na zile app za kupima spidi zinachagua seva ya karibu zenyewe, hapahapa Kampala, namba inatoka tamu kweli. Badilisha seva uweke ya Ulaya upime tena. Uganda haina bahari, intaneti ya nje inapita kwenye nyaya za baharini zinazotua hasa Mombasa alafu inapanda mpaka huku, hapo ndo kampuni inayobania inajulikana, YouTube inacheza vizuri sababu video nyingi zimehifadhiwa karibu lakini mkutano na mtu wa London unakatakata. Alafu Mbps (megabiti kwa sekunde, ndo wanayokuuzia) sio MB (megabaiti, ndo unayoona ukipakua faili), gawanya kwa 8, laini ya Mbps 10 ikifanya kazi vizuri inashusha kama MB 1.25 kwa sekunde, usije ukamtukana fundi bure.

Ukishajua nani na nani wanafika kwako ndo uongee bei. Wapigie wote wawili, kila mmoja umwambie mwenzake amesema ngapi, uombe wakuondolee pesa ya kufunga au wakupe ruta bure, hapo ndo wanalegeaga, bei ya mwezi hawaishushi kirahisi. Uliza kama bei ni pamoja na kodi. Ushuru wa mitandao ya kijamii wa shilingi 200 kwa siku ulioanza 2018 uliondolewa Julai 2021 ikaja asilimia 12 kwenye data yenyewe, na juu yake VAT asilimia 18, kwa hiyo anayekutajia 100,000 kabla ya kodi utalipa kama 132,000. Usisaini mkataba wa mwaka mzima kwenye mwezi wako wa kwanza. Omba wa mwezi mwezi hata ukiwa ghali kidogo.

Upande wa simu kuchagua ni kidogo. Warid ilimezwa na Airtel 2013, Orange ikageuka Africell 2014, nayo Africell ikafunga virago 2021, tukabaki na MTN na Airtel wakubwa wawili na wengine wanajikongoja nyuma. Weka laini zote mbili, nunua data ya ile ambayo mnara wake una nguvu pale ulipo, basi. Ile wayafai ya mtaani ya vocha siku moja moja itumie tu ukikwama, ila kama muuzaji hana leseni akizima hakuna ofisi utakayomshtakia.

Na mwenye leseni akikusumbua, UCC ipo, sheria ya 2013 inawapa kazi ya kusikiliza wateja, na kanuni za 2019 zinagusa mpaka ushindani wenyewe, mkubwa kumkandamiza mdogo au kampuni kukubaliana bei chini ya meza. Lakini ukikimbilia ofisi zao Bugolobi moja kwa moja watakuuliza ulianza na kampuni yako? Kwa hiyo lalamika kwa kampuni kwanza kwa maandishi, imeli au WhatsApp, simu haibaki na ushahidi, na udai namba ya malalamiko. Piga skrinshoti za spidi siku tofauti saa zikionekana, weka na risiti za mobile money. Usiandike "intaneti yenu mbovu", andika nimelipia Mbps 20, nimepata ngapi, siku gani na gani, nataka pesa au siku zirudishwe. Wakinyamaza tuma ushahidi wote UCC na ile namba ya malalamiko juu kabisa. Kampuni ikikupigia ghafla ikuombe ufungue malalamiko mapya "ili tukusaidie haraka" kataa, baki na namba ya zamani, ukifungua mapya siku ulizosubiri jibu zinaanza kuhesabiwa upya.