Uzi wa mianzi kwa joto la Dodoma: kuutambua, kuufuma na kuufua

Kigauni cha mtoto kilichofumwa kwa akriliki, yaani uzi wa plastiki, ni adha Dodoma kuanzia Septemba hadi mvua zianze. Uzi haunyonyi jasho, na mtoto anatoka vipele vya joto shingoni. Uzi wa mianzi unanyonya vizuri, ni laini, una mng'ao, na ukivaliwa unalala mwilini. Ila haurudi ukivutwa, unateleza kwenye sindano, na ukilowa unapungua nguvu. Kazi nyingi za mianzi zinazoharibika, zimeharibiwa na mojawapo ya hayo matatu.

Kabla ya kulipa

Omba kipande cha sentimita 10. Kishike kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji, ukiwashe. Kikiwaka kama karatasi, kikanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi yanayosagika, kimetokana na mmea. Kikiyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu, umepewa akriliki au poliesta, au mchanganyiko wenye nyuzi hizo.

Moto hautofautishi mianzi na pamba. Hapo tumia maji: kata vipande viwili vinavyolingana, kimoja kiloweke dakika tano, kisha vuta vyote viwili hadi vikatike. Pamba haipungui nguvu ikilowa. Uzi wa mianzi uliolowa hukatika kirahisi kuliko mkavu. Lakini hata kipimo hiki hakisemi kama uzi umetoka kwenye mwanzi au kwenye mti mwingine. Hilo unabaki nalo kwa lebo na uaminifu wa muuzaji.

Je, ni rafiki wa mazingira?

Mmea wenyewe, ndiyo. Mwanzi ukikatwa huchipua tena kutoka mizizi ileile bila kupandwa upya, hushika udongo, na kwa kawaida hauhitaji dawa nyingi za wadudu. Tatizo linaanza kiwandani. Uzi laini wa mianzi unaouzwa karibu wote ni viskozi: mwanzi unasagwa, unayeyushwa kwa soda kali na kemikali ya kaboni disalfaidi, kisha rojo hilo linapitishwa kwenye matundu madogo hadi kwenye beseni la asidi ili ligande kuwa nyuzi. Kaboni disalfaidi huumiza mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wanaoivuta muda mrefu, na maji machafu yasiposafishwa huishia mtoni. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani iliyashtaki makampuni kadhaa yaliyouza viskozi kama "mianzi" halisi yenye uwezo wa kuua bakteria. Usimwambie mteja wako uzi huu unaua vijidudu.

Ukiona neno layoseli kwenye lebo, yaani uzi wa mmea ulioyeyushwa kwa njia nyingine isiyo ya viskozi, chukua huo: kiyeyushio chake hukusanywa na kutumika tena, karibu chote. Na kama mazingira ndiyo sababu yako pekee ya kununua mianzi, usiidharau pamba yetu, ambayo kwa sehemu kubwa inalimwa kwa mvua. Kule Meatu, Simiyu, ipo hata ya kilimo hai. Uzi wa mianzi mwingi unatoka China. Mianzi ya Iringa na Njombe inagemwa ulanzi, haiji kwenye bonge lako la uzi.

Kipande cha majaribio

Hapa usiruke. Lebo ikisema sindano ya milimita 4, anza na 3.5, maana mianzi hulegea. Chagua ya mti, kwa sababu ya chuma inateleza mno, na iwe na ncha butu: uzi huu umesokotwa kwa ulegevu na ncha kali huuchana katikati ya kitanzi.

Fuma sentimita 15 kwa 15. Pima uzito. Kifue, kikauke, kisha kining'inize usiku kucha kikiwa na vibanio vya nguo vinne upande wa chini. Asubuhi pima tena urefu. Kikifika 16.5, kimeongezeka kwa asilimia 10. Basi kigauni unachotaka kiwe na urefu wa sentimita 40 ukifume 36.

Uzito unakupa idadi ya mabonge. Blanketi la sentimita 70 kwa 70 ni kama mara 22 ya kipande hicho. Kikiwa na gramu 14, unahitaji gramu 308. Ongeza moja ya kumi, ununue mabonge saba ya gramu 50. Nunua yote siku moja, yenye namba ileile ya rangi kwenye lebo.

Wakati wa kufuma

Usitegemee fundo. Acha mkia wa sentimita 15 na uupitishe ndani ya vitanzi mara tatu, kila mara ukigeuza upande. Fundo tupu hufunguka likifuliwa. Kiunoni na mikononi weka lastiki au kamba ya kufungia, kwa kuwa mianzi haibani yenyewe. Mabegani shona kwa uzi wa pamba ili pasishuke.

Kufua

Tumia maji ya baridi na sabuni ya maji. Maji ya visima vingi Dodoma ni magumu, na sabuni ya mche huacha utando unaokakamaza uzi. Suuza mara ya mwisho kwa lita 5 za maji zenye kijiko kimoja cha siki. Usikamue. Viringisha nguo ndani ya taulo na ukandamize, kisha itandaze mezani kivulini. Ukiianika kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta. Kwa vumbi, ifunike kwa khanga nyepesi, si kwa chandarua chenye dawa, hasa kama ni ya mtoto.

Ikishalegea, iloweshe, isukume kwa viganja hadi irudi kwenye vipimo, iache ikauke hapohapo. Ukingo ukikataa kurudi, fumua mstari wa mwisho na uufume upya kwa sindano ndogo kwa nusu milimita.