Somo: Kufunga risiva ya hom thieta nyumbani, kuanzia volti hadi sabufa

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya risiva yamekuwa mengi, na mengi yanakuja pesa ikiwa imeshatoka mfukoni, kwa hiyo leo naliweka somo lote mahali pamoja. Risiva ninayoisema ni ile ya sauti: Yamaha, Denon, Onkyo, Sony, Pioneer na wenzao, yenye matundu ya HDMI nyuma na vifungio vya spika tano au saba. Siyo ya dishi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Risiva ya kawaida ya 5.1 (spika tano na sabufa moja ya besi) iliyopata umeme wake, spika zake na nafasi yake itaipita mbali ile ya bei kubwa iliyosukumizwa kabatini na kufungwa harakaharaka. Watu wanahangaika na wati wakati tatizo liko kwenye volti, omu (kipimo cha ukinzani wa spika) na mahali spika zilipokaa.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa

Mtumba wa vifaa hivi unatoka Japani, Uingereza, Dubai na Marekani, na dukani zote zimepangwa rafu moja. Geuza mashine, soma maandishi yaliyo karibu na waya wa umeme. Ukikuta AC 230V au 220-240V, 50Hz, hiyo chomeka tu. Ukikuta AC 120V 60Hz, ni ya Marekani au Kanada. Ukikuta AC 100V, ni ya Japani. Hizi mbili za mwisho ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 (Kenya 240) utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua. Ukiwa na bahati imekwenda fyuzi peke yake. Usipokuwa na bahati imekwenda transfoma, na transfoma ya risiva husika kuipata si kazi ndogo. Baadhi ya risiva zilizotengenezwa kwa masoko ya Asia zina swichi ya kuchagua volti mgongoni. Hakikisha iko 220-240 kabla hujagusa soketi.

Sikwambii uziache za Japani. Nyingi zimetunzwa vizuri sana, ukifungua ndani hakuna hata vumbi. Nunua, ila weka na bei ya transfoma ya kushusha umeme kwenye hesabu yako. Ya Japani inataka itoe volti 100, siyo 110. Halafu angalia ukubwa: kibandiko kikisema risiva inakula wati 300, chukua transfoma ya VA 500 kwenda juu, ya koili halisi, ambayo ukiinyanyua unaona kabisa ina uzito. Vile vidude vyepesi vya wasafiri ni vya pasi na vikausha nywele, risiva haivitaki. Na kwa wanaopenda redio: FM ya risiva nyingi za zamani za Japani inaishia 90, sawa na redio za magari yetu, hivyo stesheni nyingi za hapa hutazipata.

Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, weka friji gadi au stabilaiza yenye kuchelewesha umeme dakika kadhaa. Risiva inaumia zaidi pale umeme unaporudi kuliko pale unapokatika.

Hatua ya 2: Spika, na habari ya wati

Boksi la sabufa ya dukani linaweza kuandikwa PMPO wati elfu kumi, na risiva ikaandikwa wati 80 kwa chaneli (yaani kwa kila spika), mtu akadhani anapunjwa. PMPO ni namba ya tangazo, haina kipimo kinachokubalika popote. Wati za RMS, zile inazotoa mfululizo, ndizo za kweli. Tena ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (dB) 3 tu za ziada, ongezeko ambalo sikio linalisikia kidogo. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati ileile) wa dB 90 dhidi ya ile ya dB 87 inakupa faida hiyohiyo bila kubadili risiva. Kwa hiyo pesa ya ziada ipeleke kwenye spika.

Omu ndiyo ya kuchunga zaidi. Risiva nyingi zinataka spika za omu 6 hadi 8. Geuza spika usome. Na usifunge spika mbili za omu 8 kwenye chaneli moja sambamba, maana zinageuka omu 4, risiva inachemka na kujizima.

Hatua ya 3: Mahali pa kuiweka

Risiva ni mashine ya joto. Iachie angalau sentimita 10 juu na pembeni, na usiiweke juu ya king'amuzi wala king'amuzi juu yake. Akina mama na dada zangu, vile vitambaa vya kufuma ni vizuri sana kwenye kochi na meza, lakini kikiwa juu ya risiva kimefunika matundu ya kutolea joto, na kadiri joto linavyozidi ndivyo kapasita za ndani zinavyochoka mapema. Na mende wanapenda mle ndani kwa sababu pana joto. Usile karibu yake, na futa vumbi kwa brashi kavu.

Hatua ya 4: Nyaya

Waya wa spika wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa sebule nyingi. Ukizidi mita kumi chukua 2.5. Duka la vifaa vya umeme wanao, omba ule laini wa nyuzi nyingi, maana ule mgumu wa kupitisha ukutani unakatika ukikunjwa.

Menya sentimita moja tu. Zungusha nyuzi kwa vidole mpaka ziwe kitu kimoja, kisha ingiza, kaza, na uvute taratibu kuona kama zimeshika. Tazama kwa tochi: hata unywele mmoja wa shaba ukiruka kutoka nyekundu ukagusa nyeusi, hapo ndipo neno PROTECT linapotokea kwenye kioo na risiva inajizima kujilinda. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwenye spika zote. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea na sauti ya katikati inakosa mahali pa kukaa.

Kama waya umepita darini na hujui upi ni upi, chukua betri ya volti 1.5 ya rimoti. Ncha zikiwa hazijafungwa kwenye risiva, gusisha kwa sekunde moja: ncha moja kwenye chanya, nyingine kwenye hasi. Koni ya besi ikisukumwa nje, waya ulioshika chanya ndio wa nyekundu. Ikivutwa ndani, geuza.

Hatua ya 5: Spika zikae wapi

Spika mbili za mbele zifanye pembe ya digrii 22 hadi 30 kila upande ukipima kutoka ulipokaa, urefu wa sikio. Ya katikati iwe chini au juu ya TV, imeinamia au kuinukia masikio yako. Za nyuma kwenye 5.1 hazikai nyuma kabisa. Zikae pembeni kwako na kurudi nyuma kidogo, digrii 110 hadi 120, juu ya sikio kiasi.

Sebule zetu ni vigae chini, zege ukutani na madirisha makubwa, sauti inagonga na kurudi. Zulia zito kati ya TV na kochi, mapazia mazito, na kabati la vitabu ukutani nyuma yako, hivyo vitatu vinabadilisha sauti kuliko kununua risiva mpya.

Hatua ya 6: HDMI na TV

Chomeka king'amuzi na deki kwenye HDMI za kuingia za risiva, kisha HDMI ya kutoka iende kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC au eARC, ambalo hurudisha sauti ya TV kwenye risiva. TV nyingi zina tundu moja tu la hivyo. Washa CEC, inayofanya TV na risiva ziamrishane kwa waya wa HDMI: Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Halafu ingia menyu ya sauti ya TV, chagua risiva, na kwenye muundo wa sauti toa PCM uweke Bitstream au Auto. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa PCM kupitia ARC ya kawaida unapata chaneli mbili tu, na spika za nyuma zinanyamaza mwaka mzima.

Risiva ya zamani isiyopitisha 4K usiitupe. Chomeka vyanzo vyako kwenye TV yenyewe, na sauti irudi kwa ARC. Kama haina ARC, tumia waya wa optiko. Dolby Digital na DTS (miundo ya sauti ya filamu) za 5.1 zinapita humo.

Hatua ya 7: Maikrofoni na menyu

Risiva nyingi zina kimaikrofoni chenye waya mrefu: kwa Yamaha mfumo unaitwa YPAO, kwa Denon ni Audyssey. Kiweke kwenye kigoda au stendi ya kamera, urefu wa masikio, pale unapokaa, siyo kukishika mkononi. Zima feni, watoto watoke, subiri adhana iishe. Usiku mapema panatulia zaidi.

Ikimaliza usiondoke. Ingia kwenye menyu, na ukikuta imeziita spika zako Large (kubwa, za kubeba besi yote), zibadilishe zote ziwe Small (ndogo), mkato Hz 80. Besi ya chini ya hapo itakwenda sabufa, ambayo ndiyo kazi yake, na risiva itapumua. Kwenye sabufa yenyewe, kile kitufe cha mkato kizungushe hadi mwisho ili risiva peke yake ndiyo iamue.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mkuu, risiva yangu inawaka sekunde chache, inaandika PROTECT, inazima. Fundi amesema ampu imekufa. Niuze spea?

Jibu: Usiuze kwanza. Chomoa umeme, ondoa nyaya zote za spika nyuma, rudisha umeme, washa ikiwa uchi. Ikibaki inawaka, ampu (sehemu inayosukuma spika) ni nzima, ugonjwa uko kwenye nyaya au spika. Izime, rudisha spika moja, washa; zima, rudisha ya pili, mpaka umpate mkorofi. Ikizima hata bila spika yoyote, hapo kweli ni kazi ya fundi, na mwambie aanze kwa kupima transista za kutolea sauti.

Swali (Mbagala): Kaka, hom thieta yangu ilikufa deki, spika zote tano nzima. Nizifunge kwenye risiva?

Jibu: Soma nyuma ya spika. Seti nyingi za namna hiyo ni omu 3 au 4, na nyingine zina plagi zake za kipekee ambazo watu wanazikata. Kwa risiva iliyoandikwa omu 6 ni kuitafutia matatizo. Sabufa ya seti hiyo pia haina ampu ndani, na tundu la sabufa la risiva linatoa ishara tu, halitoi nguvu. Anza na spika mbili nzuri za mbele za omu 8, uongeze nyingine polepole. Risiva inakubali kuanza na mbili.

Swali (Unguja): Asalaam aleikum. Filamu zikianza milipuko inatikisa nyumba, lakini watu wakizungumza hatusikii kitu. Mama mkwe analalamika kila siku.

Jibu: Waaleikum salaam dada. Maneno karibu yote yanatoka spika ya katikati. Je, unayo? Kama huna, na menyu imeandika kwamba ipo, risiva inayapeleka maneno mahali pasipo na spika. Iandike kuwa haipo, yatagawanywa kwenye mbili za mbele. Kama unayo, itoe ndani ya shubaka uivute hadi ukingoni, kisha iongeze desibeli 2 au 3. Usiku tumia kile kipengele cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kinaitwa Night au Dynamic Range. Mama atasikia bila kuongeza sauti ya nyumba nzima.

Swali (Minnesota, Marekani): Wakuu, narudi nyumbani na kontena. Nibebe risiva yangu ya huku?

Jibu: Ni ya volti 120, Hz 60. Kwa transfoma ya kushusha itafanya kazi, ingawa Hz 50 zitaipasha moto kidogo zaidi. Kama ni ya daraja la juu na unaipenda, ibebe. Kama ni ya kuanzia, iuze huko. Spika ndizo za kubeba: spika ya kawaida haina habari na volti za ukutani. Sabufa yenye ampu yake inazo, soma kibandiko chake peke yake.

Swali (Mombasa): Vifungio vyangu vya spika vimeota kijani, na sauti ya kulia inakatakata.

Jibu: Ni chumvi ya hewa ya pwani. Zima, chomoa, futa vifungio kwa spiriti, kata ncha ya waya sentimita mbili, menya upya. Ukifunga plagi za ndizi zilizopakwa dhahabu utapumzika na kazi hiyo muda mrefu. Sauti ikiendelea kukatika unapozungusha kitufe, ni kitufe chenyewe, kinahitaji dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme.

Swali (Kigoma): Shikamoo fundi. Sabufa niiweke kona gani? Nimekaa upande mmoja besi inavuma, upande mwingine haipo.

Jibu: Marahaba. Iweke sabufa juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Piga wimbo wenye besi inayotembea, siyo inayogonga noti moja. Sasa wewe tembea ukiwa umeinama kuzunguka kuta za sebule, sikio likiwa karibu na sakafu. Mahali utakaposikia noti zote zinalingana, hakuna inayovuma wala inayomezwa, weka alama. Sabufa ishuke ikae hapo, kisha rudia kupima kwa maikrofoni.