Namna ya Kufuatilia Habari za Mtu Aliyefungwa na Utawala wa Wanazi

Anayetaka kujua yaliyompata mtu mmoja chini ya utawala wa Hitler, kati ya mwaka 1933 na 1945, hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba karatasi nyingi atakazozisoma ziliandikwa na watesaji wenyewe. Kuzipata ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki, iliyo ngumu zaidi, ni kuzihoji. Nitamtumia kama mfano Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kufia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, tarehe 24 Novemba 1944.

Anza na majina, wala usiharakishe hatua hii. Andika kila namna ambayo karani wa Kijerumani angeweza kuliandika jina la mtu unayemtafuta, ukiambatanisha tarehe na mahali alipozaliwa, kwa kuwa tarehe hiyo mara nyingi ndiyo inayowatenganisha watu wawili wenye jina moja. Ukimtafuta Mahjub kwa jina lake la Dar es Salaam unaweza kumkosa kabisa, maana Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen.

Kisha tafuta katika Arolsen Archives, hifadhi iliyoko mji wa Bad Arolsen, yenye kumbukumbu za watu wapatao milioni 17.5, ambayo sehemu kubwa ya nyaraka zake husomwa bure kwenye intaneti. Kwa Wayahudi waliouawa, tafuta pia katika orodha ya majina ya Yad Vashem, taasisi ya kuwakumbuka Wayahudi hao iliyoko Jerusalem.

Ukipata kadi ya mfungwa, isome polepole. Namba ilitolewa na kambi, hivyo aliyehamishwa aliweza kupewa nyingine, nawe usidhani umepata watu wawili. Rangi ya pembetatu iliyoshonwa kwenye nguo, kwa mfano nyekundu kwa wafungwa wa kisiasa au zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, inaonyesha kundi ambalo SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hizo, walimtia, na si lazima iwe ndivyo alivyojitambua mwenyewe. Sababu ya kifo ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko yote: makarani waliandika udhaifu wa moyo au ugonjwa wa mapafu hata kwa mtu aliyeuawa kwa kipigo, njaa au risasi.

Usiishie kambini. Kumbukumbu za kukamatwa kwa Mahjub mwaka 1941 zinamtaja kama mtu aliyeivunjia heshima damu ya Kijerumani kwa uhusiano na wanawake wazungu, na kwa hilo alipelekwa kambini bila kufikishwa mahakamani. Ni lazima utoke nje ya jalada hilo ndipo umwone mtu mwenyewe: mtoto aliyekuwa askari wa Wajerumani pamoja na baba yake katika Vita Kuu ya Kwanza, kijana aliyekwenda Ujerumani kudai mishahara yao ambayo haikulipwa, mhudumu wa mgahawa, mwalimu wa Kiswahili Berlin, mume aliyeoa Januari 1933, mwezi uleule Hitler alipopewa ukansela, yaani uongozi wa serikali. Kwa hiyo tafuta vyeti vya ndoa, barua za madai, orodha za walimu na anwani. Mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, Berlin, limewekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba lililochorwa jina lake.

Waliopinga utawala huo wahitaji uangalifu wa pekee. Georg Elser, seremala aliyetega bomu Munich lililolipuka tarehe 8 Novemba 1939, dakika chache baada ya Hitler kuondoka, tunamjua zaidi kupitia maandishi ya mahojiano yake na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Tenganisha alichoulizwa na alichojibu, ukikumbuka kwamba alijibu chini ya mateso.

Jina likikosekana, usihitimishe kwamba mtu huyo hakuwahi kufika. SS waliteketeza sehemu kubwa ya majalada ya Sachsenhausen mwaka 1945, na huko Auschwitz, kambi ya mauaji iliyokuwa Poland, waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakuandikishwa. Kwa hao, orodha ya treni iliyowachukua mara nyingi ndiyo karatasi ya mwisho, na tarehe iliyomo uiandike kuwa tarehe ya kusafirishwa, usiiite ya kifo.