Somo: Kuandika jarida ambalo mfadhili atalisoma hadi mwisho

Wengi tunaoendesha vikundi vidogo huku Kisumu na vitongoji vyake tuna tabia moja: mchango ukiingia tunatuma ujumbe wa asante, kisha kimya hadi siku tunapohitaji tena. Mfadhili anayesikia sauti yetu wakati wa shida tu huchoka, na ana haki ya kuchoka. Kazi ya jarida, yaani barua ya habari tunayomtumia mara kwa mara, ni kumwonyesha pesa yake ilifanya nini kabla hujamwomba nyingine.

Hatua ya 1: Mjue unayemwandikia. Pitia orodha yako. Kuna mzaliwa wa Siaya anayefanya kazi Nairobi, kuna mwenye duka Kibuye, kuna rafiki aliye Uingereza. Chagua mmoja unayemfahamu, uandike kana kwamba barua ni yake peke yake. Anza kwa jina lake. Aliyechangia mwaka huu na aliyeacha zamani wasipokee salamu ileile.

Hatua ya 2: Tafuta kisa kimoja. Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo. Tazama sentensi hii:

“Shirika limefanikiwa kutekeleza mradi wa kuboresha upatikanaji wa maji katika shule lengwa.”

Hakuna mtu ndani yake, na mfadhili hayumo kabisa. Sasa soma hii:

“Hadi Februari, msichana mmoja wa Gredi ya 6 alikuwa akitolewa darasani saa nne asubuhi kwenda Mto Nyando na mtungi wa lita 20, maana bila maji jiko la shule haliwaki. Tangi ulilochangia lilijaa mvua za Machi zilipoanza. Siku hizi saa nne inamkuta kwenye hisabati.”

Kuna mtu, saa, mtungi, na neno “ulilochangia”. Neno hilo lina uzito kuliko aya nzima ya sifa za shirika. Visa vya namna hii havipatikani ofisini. Nenda shuleni, kaa na mpishi, uliza nini kilibadilika, andika alivyosema. Kabla ya kutuma, mwenye kisa asomewe, hata kwa Kijaluo. Akisema sehemu fulani inamwaibisha, ifute. Heshima yake ni kubwa kuliko mchango wowote.

Hatua ya 3: Omba jambo moja, kwa kiasi. “Tusaidie kwa chochote” humwachia msomaji kazi ya kufikiri, naye ataahirisha. Mwambie shilingi ngapi zinanunua nini, kwa bei halisi mliyoulizia dukani. Nambari ya Paybill (ya kupokea malipo kwa simu) na neno la kujaza kwenye akaunti, mathalani TANGI, viwe mahali pamoja, na uvirudie mwishoni.

Hatua ya 4: Punguza. Ukurasa mmoja au miwili, picha moja nzuri, aya fupi. Wengi watasoma kwenye simu kwa bando lao wenyewe, kwa hiyo faili nzito haitafunguliwa. Hotuba ya mwenyekiti iache.

Hatua ya 5: Chagua wakati. Januari wafadhili wa hapa nyumbani wanalipa karo. Mwezi huo peleka shukrani, ombi lisubiri.

MASWALI YA WANACHAMA (na mahali walipo)

Ahero: Mafuriko yalifukia kisima tulichochimbiwa. Tunyamaze?
Jibu: Hapana. Waambieni mapema, kabla hawajasikia kwa wengine: nini kimeharibika, nini kimebaki, mnapanga kuinua ukuta kiasi gani. Anayejua uwanda wa Kano, huko kwenu Ahero, anajua mvua za masika hufanya nini. Asichosamehe ni kufichwa.

Kondele: Picha za watoto zinaruhusiwa?
Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Ichukueni kwa maandishi, na mweleze picha itakwenda wapi. Mzazi akibadili nia baadaye, itoeni. Mimi napendelea picha ya mikono ikifungua bomba. Jina la mtoto na la shule yake msiyaweke pamoja.

Kakamega: Tutaje mishahara na kodi ya ofisi?
Jibu: Tajeni. Tangi halijifungi lenyewe. Kuna fundi na kuna nauli ya msimamizi. Mistari mitatu ya hesabu yatosha: tulipokea kiasi gani, tulitumia wapi, kilichobaki kiko wapi.

Nyalenda: Mara ngapi kwa mwaka?
Jibu: Kila baada ya miezi mitatu kwa kikundi chenye mtu mmoja wa kuandika. Mkishindwa, mara mbili, ila tarehe mliyoahidi muishike. Na angalau toleo moja kati ya hayo lisiwe na ombi lolote.